Ukame Hula Hata Mwaka wa Mvua

Tangu ruzuku ya mbolea irejeshwe mwaka 2022, kuna swali linalozunguka kutoka bungeni hadi redioni, na kutoka redioni hadi vijiwe vya kahawa. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulishushwa hadi shilingi 70,000. Bajeti ya Wizara ya Kilimo iliruka kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka uliofuata. Mbegu chotara zimejaa madukani. Mbona basi mkulima wa kawaida wa mahindi bado anavuna magunia sita au saba kwa ekari, wakati shamba darasa la bwana shamba, ng'ambo tu ya barabara, linatoa ishirini? Jibu linalotoka haraka ni kwamba mkulima wetu ni mgumu kubadilika. Mvua ilinyesha, wanasema, mbolea ipo, sasa anasingizia nini?

Nadhani swali hili tumelishika mkia na kichwa tumekiacha. Tumezoea kuhesabu hasara ya ukame kwa mahindi yaliyonyauka mwaka ule wa ukame, kisha mvua ikirudi tunaandika kwamba hali ni nzuri na kufunga daftari. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya hasara haimo katika mwaka wa ukame. Imo katika miaka ya mvua inayoutangulia na kuufuata: katika mbolea iliyonunuliwa isiwekwe shambani, katika mbegu bora iliyoachwa dukani, katika maksai waliouzwa wakati wa njaa wasiwepo wakati wa kulima. Anayetaka kujua hali ya hewa inaifanya nini tija ya kilimo Tanzania asiende shambani mwaka wa janga peke yake. Aende mwaka ambao kila mtu anasema mambo ni shwari.

Tuanze na mmea wenyewe, kwa sababu hofu ya mkulima ina msingi wake humo. Mahindi hayahesabu jumla ya mvua ya msimu. Yana siku zake chache za hatari, pale mbelewele inapotoka juu na nywele za gunzi zinapochomoza chini. Jua likiwa kali na ardhi kavu katika siku hizo, chavua inakufa au nywele zinachelewa, na gunzi linakuja na mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Mvua inaweza kurudi wiki inayofuata ikanyesha mpaka ikafurika. Magunzi hayo hayazibiki tena. Ndiyo maana msimu unaweza kuandikwa kuwa wa wastani na bado kijiji kizima kikavuna mabua. Na joto lina ukali wake hata bila ukame. Mtafiti David Lobell na wenzake walichambua majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi yaliyofanyika barani Afrika, wakaona kwamba kila siku ambayo joto linazidi nyuzi 30 kwa nyuzi moja, mavuno ya mwisho yanapungua kwa asilimia 1 hata kama maji yapo ya kutosha, na kwa asilimia 1.7 pale penye ukame. Weka siku ishirini za namna hiyo katika msimu mmoja, nyuzi mbili au tatu juu ya hapo, kisha piga hesabu.

Jambo la pili ni kwamba mshtuko wa hali ya hewa hauna sura moja. Msimu wa 2023/24 ulikuwa somo. El Niño ileile iliyoleta mafuriko Rufiji na Kibiti, ikaua watu zaidi ya 150 Tanzania na kusomba familia usiku kule Mai Mahiu nchini Kenya, ndiyo iliyokausha mahindi ya Zambia, Malawi na Zimbabwe hadi marais wa nchi zote tatu wakatangaza janga la kitaifa. Sisi tulibaki na akiba, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula akaingia mkataba wa kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi. Ilikuwa biashara nzuri na sina ubaya nayo. Lakini tangu hapo nimesikia watu wenye heshima zao wakisema kwamba Tanzania imeshavuka mtihani wa tabianchi. Tulichovuka ni msimu mmoja ambao kete iliangukia upande wetu.

Disemba moja nilikwenda Kishapu, mkoani Shinyanga, kumtembelea shangazi, na nikashinda nusu siku kwa jirani yake, mama wa makamo mwenye ekari tatu. Alikuwa amenunua mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia kwa bei ya ruzuku. Alikuwa anaiweka kwa kizibo cha soda, kizibo kimoja kwa shimo, kama alivyofundishwa. Anakijaza, anakifuta juu kwa kidole gumba, anamimina, anafukia kidogo ndipo anadondosha mbegu, ili mbegu isigusane na mbolea. Hakuna bwana shamba ambaye angemkosoa. Ila alifanya hivyo kwenye kipande cha chini tu, karibu na mbuga, yaani bondeni kwenye udongo unaoshika maji. Huku juu, kwenye ekari yake kubwa, alipanda mahindi bila mbolea, na pembeni akainua matuta ya viazi vitamu. Nusu ya mfuko aliifunga kwa kamba akaisukuma uvunguni mwa kitanda. Nikamuuliza, mayu, mbona huku juu hujaweka? Akanitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini usiku ni giza. “Baba, huku ni luseni. Mvua ikikata siku kumi, mbolea inayakaanga mahindi. Kule chini hata ikikata, udongo unakumbuka.”

Luseni ni udongo wa kichanga wa miinukoni, haushiki maji. Mvua kukata Januari kwa wiki mbili tatu ni jambo la kawaida kabisa huko Usukumani. Kwa hiyo mama yule hakuwa anabahatisha wala kung'ang'ania mila. Alikuwa ameigawa fedha yake kwenye udongo kwa jinsi kila udongo unavyoweza kuirudisha. Bila kuandika popote, alikuwa amejikatia bima. Bei ya bima hiyo ni magunia ambayo ekari ya juu ingetoa kama mvua ingenyesha vizuri, na ameilipa mwaka huo, na ataendelea kuilipa kila mwaka.

Wachumi waliliona jambo hili Shinyanga zamani. Stefan Dercon alichapisha mwaka 1996 uchambuzi wa kaya za mkoa huo, akaonyesha kwamba kaya zenye mifugo michache zilitenga sehemu kubwa zaidi ya ardhi yao kwa viazi vitamu, zao linalovumilia ukame lakini lenye faida ndogo, wakati wenye ng'ombe walithubutu kulima mazao yenye faida na hatari zaidi. Msomaji wa kanda ya ziwa hahitaji kuambiwa kwa nini. Viazi vikishakatwakatwa na kuanikwa vikawa michembe, au vikachemshwa kwanza vikawa matobolwa, vinakaa ghalani miezi na njaa haiingii. Mwenye ng'ombe ana michembe yake inayotembea, anaweza kuuza dume mmoja akavuka. Asiye na ng'ombe hawezi kulima kama mwenye ng'ombe, hata mkiwapa mbegu moja, mbolea moja na bwana shamba mmoja. Kwa hiyo ukame humfanya maskini alime kimaskini, na kufanya hivyo ni uamuzi wa busara kwake.

Tuchukue mfano wa hesabu, namba ni za kuelezea tu. Ekari bila mbolea inatoa magunia sita mwaka mzuri na mawili mwaka mbaya. Ukiweka mfuko wa kupandia na mfuko wa kukuzia, shilingi 140,000 kwa bei ya ruzuku, mwaka mzuri unapata kumi na tano, na mwaka mbaya yaleyale mawili, pengine moja. Miaka mizuri ni minne katika mitano. Ofisini hesabu hii haina mjadala: wastani wa miaka mitano unaipendelea mbolea kwa mbali. Lakini hakuna anayekula wastani. Mwaka mbaya hausemi utakuja wa tano kwa zamu. Unaweza kuja wa kwanza. Ukija wa kwanza, mkulima ana gunia moja au mawili, hana ile 140,000, na pengine ana deni juu yake. Hatafika kwenye miaka minne mizuri akiwa na ekari zilezile na maksai walewale. Ofisa anayepanga ruzuku ana mashamba laki kadhaa ndani ya jedwali lake, na baya moja linafidiwa na mazuri manne. Mama wa Kishapu ana jedwali la mstari mmoja.

Na hofu hiyo haikai kwa mtu mmoja, inarithiwa. Jamii zetu zimezipa njaa majina kama zinavyowapa watoto. Wagogo wana Mtunya, njaa ya mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia iliyotawanya koo. Ukambani nchini Kenya, njaa ya 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani nakufa na fedha nikiwa nazo mkononi, kwa kuwa chakula hakikuwepo hata kwa aliyeweza kulipa. Tanzania walio na umri wanakumbuka unga wa mahindi ya manjano ya msaada, ambao watani waliuita yanga. Mtu aliyelelewa na bibi mwenye jina la njaa mdomoni hawezi kupima hatari kama aliyesoma uwezekano kwenye vitabu. Na sijui ni nani mwenye haki ya kumwambia bibi yule kwamba amekosea.

Hiyo ni hasara inayotangulia janga. Ile inayofuata nayo haimo katika ripoti. Ukame ukiingia, kaya zote zinapeleka mifugo mnadani wiki moja. Bei ya ng'ombe inaporomoka siku zilezile bei ya mahindi inapopaa, na fahali aliyekuwa ananunua magunia kadhaa ananunua moja na mabaki. Wanaouzwa mwisho ni maksai wa jembe, na mkulima akishafika kwa hao ujue amemaliza vingine vyote. Mvua ikirudi Novemba, mwenye maksai analima wiki ya kwanza. Asiye nao anasubiri wenzake wamalize ili aazime au akodishe, anapanda wiki tatu nyuma, na mahindi yake yanatoa mbelewele wakati mvua inaaga. Wakati huohuo hana chakula, hivyo asubuhi anaenda kibarua cha palizi kwenye shamba la mtu huku la kwake likimezwa na majani. Malawi wanaiita ganyu na wanajua vizuri kinachofuata: anayepalilia la mwenzake Januari ndiye atakayeomba tena Januari ijayo. Katika takwimu, shamba lake litaonekana limevuna kidogo mwaka wenye mvua nzuri, na mchambuzi atasema, unaona, mvua ilikuwepo.

Watoto nao wanaingia katika hesabu. Utafiti uliofuatilia kaya za mkoa wa Kagera miaka ya 1991 hadi 1994 ulionyesha kwamba kaya zilizopata hasara ya mazao ziliongeza saa za kazi za watoto, na zile zenye mali ya kutegemea ziliweza kupunguza mzigo huo. Mtoto aliyeacha darasa kwa msimu mmoja ni mkulima wa kesho asiyesoma vizuri kipimo kwenye pakiti ya dawa. Kuna na lililo zito zaidi ya hilo. Mchumi Edward Miguel alichunguza vijiji vya Meatu, wakati huo wilaya ya mkoa wa Shinyanga, akakuta kwamba miaka ya mvua isiyo ya kawaida, iwe ukame au mafuriko, mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi yaliongezeka mara mbili. Nimeandika jambo hili katika makala ya kilimo kwa makusudi. Hatuwezi kuzungumzia mshtuko wa mvua kana kwamba unaishia kwenye gunzi.

Sasa kwa wanaopinga. Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya uvivu na ugumu wa kubadilika, na ingekuwa ya kupuuzwa kama isingekuwa inatoka kwenye midomo yenye vipaza sauti. Wasukuma haohao wanaoambiwa ni wagumu ndio walioigeuza mbuga kuwa majaruba ya mpunga, wakainua kingo kwa jembe la mkono, kwa sehemu kubwa bila mradi wala semina, kwa sababu mbuga inashika maji na mpunga una soko. Mama yule wa Kishapu alitumia mbolea kwa ustadi mita mia mbili kutoka alipokataa kuitumia. Mtu huyohuyo, siku hiyohiyo, hawezi kuwa mwerevu chini ya mteremko na mjinga juu yake. Kilichobadilika ni udongo na hatari yake. Anayeng'ang'ania uvivu atueleze hilo.

Hoja ya mtaji ina nguvu zaidi. Wanaosema mkulima anakosa fedha hawajakosea, na ruzuku yenyewe imejengwa juu ya msingi huo. Lakini kaskazini mwa Ghana kundi la watafiti lilijaribu kutenganisha mambo haya mawili. Baadhi ya wakulima walipewa fedha taslimu, wengine bima ya mvua, wengine vyote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikuwa ya kushangaza kwa waliozoea lugha ya mikopo: waliopewa bima waliongeza uwekezaji shambani zaidi, na wakaelekea kwenye kilimo chenye hatari na faida kubwa, wakitafuta fedha wenyewe. Kizuizi kikubwa kilikuwa hofu ya kupoteza kilichopandwa. Sisemi Tamale ya kaskazini mwa Ghana ni Shinyanga. Nasema tu kwamba kushusha bei ya mbolea kunapunguza kiasi cha fedha ambacho mkulima anaweza kukipoteza, hakugusi uwezekano wa kukipoteza. Ndiyo maana ruzuku inazaa matunda haraka zaidi Ruvuma, Njombe na Rukwa, mvua inakotabirika, kuliko Dodoma, Singida na Simiyu.

Wapo wanaosema ukame ulikuwepo tangu enzi, na hayo majina ya njaa niliyoyataja ni ushahidi wao. Kweli. Ila kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilifeli kaskazini na mashariki mwa Kenya, kusini mwa Ethiopia na Somalia, jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika rekodi za miaka arobaini, na Kenya peke yake ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Mfugaji ana mbinu za kuvuka msimu mmoja, hata miwili. Mbinu za kuvuka mitano hakurithi, kwa kuwa babu hakuzihitaji. Kwa kilimo kwa ujumla, uchambuzi wa Ariel Ortiz-Bobea na wenzake uliotoka mwaka 2021 unakadiria kwamba ongezeko la joto lililosababishwa na binadamu limepunguza tija ya kilimo duniani kwa karibu asilimia 21 tangu 1961, na katika maeneo ya joto kama Afrika kwa asilimia 26 hadi 34. Haina maana kwamba tunavuna pungufu ya babu zetu. Tumepanda ngazi, lakini kuna mtu amekuwa akiishusha huku tukipanda.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote ni ya umwagiliaji. Tukiacha kutegemea mawingu, hofu itaondoka yenyewe. Nchi inatajwa kuwa na hekta milioni 29.4 zinazofaa kumwagiliwa, na zinazomwagiliwa hazifiki hata kumi katika kila mia. Naunga mkono kila bwawa linalochimbwa, nikiwa na mashaka mawili. La kwanza ni la hesabu tu: hata kasi ikiongezeka maradufu, watoto wa mama wa Kishapu watazeeka wakilima luseni kwa mvua. La pili ni kwamba mfereji hauondoi mshtuko, mara nyingi unauhamisha. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa unatiririka mwaka mzima. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na matumizi ya maji kwenye bonde la Usangu yanatajwa kuwa miongoni mwa sababu kuu. Mpunga wa Mbarali, hukohuko Usangu, ulipata uhakika. Viboko, wavuvi na bwawa la kufua umeme la Mtera walipata mashaka. Mwaka 2006 mvua zilipopungua, mgawo wa umeme ulifika hadi kwa vinyozi wa Dar es Salaam ambao hawajawahi kumiliki hata tuta la mchicha.

Na bima? Nimeisifu ya Ghana, kwa hiyo nina wajibu wa kuisema vibaya pia. Bima ya kielezo hailipi kwa kuangalia shamba lako. Inaangalia kipimo, mvua iliyokadiriwa kwa setilaiti au ukijani wa malisho, na kikishuka chini ya kiwango wote wa eneo hilo wanalipwa. Uzuri wake ni kwamba hakuna wa kutumwa kukagua mabua ya kila mtu, na mkulima hana sababu ya kusema uongo. Ubaya ni kwamba mvua zetu za radi hunyesha upande mmoja wa kilima. Kipimo kikisema eneo lilipata mvua na shamba lako halikupata, umepoteza mahindi na ada ya bima juu yake, na hapo umeongezewa hatari badala ya kupunguziwa. Mkulima aliyepigwa hivyo mara moja harudi, na kijiji kizima kinasikia. Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ambako bima ya mifugo ya aina hii ilianza mwaka 2010, kaya zenye bima zilipopata fidia katika ukame wa 2011, zile zenye mali zaidi mara nyingi hazikulazimika kuuza mifugo kwa bei ya kutupa, na zile maskini mara nyingi hazikulazimika kupunguza milo kama wenzao wasio na bima. Hilo si dogo. Lakini wateja hawakufurika hata baada ya hapo, na popote duniani bima hizi zilikoenea, kuna serikali iliyobeba sehemu kubwa ya ada. Anayetuambia sekta binafsi itafanya hivi peke yake anatuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kuna mshtuko mwingine ambao tunauongeza wenyewe juu ya ule wa mbingu, na huu ndio unaonikera zaidi kwa sababu hauhitaji bwawa wala setilaiti kuuondoa. Katikati ya mwaka 2017, baada ya msimu uliokuwa na wasiwasi wa chakula, serikali ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi. Nia ilieleweka: tule kwanza. Mavuno yaliyofuata yalikuwa mazuri, bei ikaanguka, na wakulima wa nyanda za juu kusini wakakaa na magunia yasiyorudisha gharama ya mbolea. Angalia mkulima alivyobanwa. Mwaka wa ukame hana mahindi ya kuuza. Mwaka wa mvua ana mahindi, hana bei. Miaka minne mizuri niliyoiweka kwenye hesabu yangu hapo juu, ile inayotakiwa kufidia mmoja mbaya, tumeipunguza kwa tangazo la siku moja. Ukame unapiga wilaya kadhaa; marufuku inapiga hadi wilaya zenye neema. Kwa maoni yangu, mauzo ya Zambia ya 2024 yalikuwa sera bora ya tabianchi kuliko makongamano mengi yaliyobeba jina hilo, kwa sababu yalimwambia mkulima wa Sumbawanga kwamba mwaka wake mzuri ni wake. Tatizo ni kwamba hajui kama mwaka kesho ataambiwa hivyo tena.

Nikiwekewa kalamu ya bajeti mkononi, nisingeanza kwa kuongeza tani za mbolea. Ningeanza kwa kuuliza fedha ya ruzuku inakwenda kwenye udongo gani. Mfuko mmoja unaopelekwa mbugani na mmoja unaopelekwa kwenye luseni vina bei moja serikalini na hatari tofauti kabisa kwa mkulima. Kanda kame ingepata sehemu ya ruzuku yake kwa sura ya mbegu za mtama na uwele, mahindi yanayowahi, na ada ya bima iliyounganishwa na mfuko wenyewe, ili mvua ikifeli mkulima arudishiwe angalau gharama ya mbolea, asikae tu na risiti. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa umekuwa bora na hutaja hata wiki ambayo mvua inatarajiwa kuanza, lakini lugha ya “wastani hadi chini ya wastani” haimsaidii anayetaka kujua kama Januari mvua itakata siku tano au ishirini. Fedha ya kuongeza vituo vya kupimia mvua hadi ngazi ya kata ingesaidia utabiri na bima kwa mpigo mmoja. Na ukame ukitangazwa, msaada wa kwanza ungekuwa wa kumwezesha mtu kubaki na maksai wake, chakula kidogo Oktoba kabla hajafika mnadani, badala ya chakula kingi Machi akiwa ameshawauza. Yote haya yana gharama, na mengine yatafeli. Yana faida moja ambayo tani za mbolea pekee hazina: yanagusa sababu ya ule mfuko kufungwa kamba.

Maana mfuko wa mama yule, kwenye mfumo wa ruzuku, umeshahesabiwa. Alisajiliwa, akapewa namba, akaenda kwa wakala, akalipa, ikaandikwa kwamba kilo 50 zimemfikia mkulima wa Kishapu, na mahali fulani kilo hizo zimejumlishwa kwenye takwimu ya matumizi ya mbolea nchini. Kilo ishirini na tano hivi zilikuwa bado uvunguni nilipoaga. Shangazi aliniambia kwenye simu mwishoni mwa Februari kwamba mvua ya Januari haikukata mwaka ule, ilinyesha vizuri hadi luseni ikapendeza. Nikauliza habari za mbolea. Akasema jirani yake ameibakiza, ataipandia mwakani kule mbugani.